Nilivyoligeuza ghala la karafuu kuwa nyumba ya kuishi

Ghala hili limo katika shamba la familia yetu, kaskazini ya Unguja, nalo lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja, zao hilo lilishamiri zaidi Pemba, na ghala letu, kama wazee walivyotusimulia, likaja kuwekewa nazi. Nilipolichukua lilikuwa tupu, na mafundi wawili walinishauri nilibomoe kwa sababu kuta zilikuwa zikivuja jasho mwaka mzima.

Kilichokuwa kikiziharibu ni saruji. Miaka ya nyuma zilipigwa lipu ya saruji nje na ndani, kwa nia njema kabisa, ilhali ukuta wa namna hii hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa yake; ukizibwa, maji hubaki ndani, hupanda pamoja na chumvi, na kuulainisha udongo ulioshika mawe. Tuliibandua saruji yote kwa patasi na nyundo nyepesi, kazi iliyochukua wiki saba, kisha tukaziacha kuta wazi kaskazi nzima ili zikauke kabla ya masika. Wakati huo chokaa ilikuwa imelowekwa shimoni, na sikukubali itumike kabla ya miezi minne kutimia, ingawa kila aliyepita aliniuliza kwa nini nachelewa.

Jambo lililonigharimu mabishano mengi zaidi ni ukuta wa kati. Jamaa zangu walitaka uondolewe ili nipate sebule pana. Lakini upana wa majengo yetu ya kale hupimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, takriban mita 3, na ukuta ule ndio uliobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili. Niliuacha, nikapanga vyumba kwa mfululizo, nikatoboa madirisha mawili tu, upande wa upepo.

Uwanja wa kuanikia karafuu, uliosakafiwa kwa chokaa mbele ya mlango, sikuugusa. Una mteremko mdogo ambao waliouweka waliupima vizuri sana: mvua ya masika iliyopita yote iliteremkia pembe moja, na hapo ndipo nimechimba birika.