Chiti iliyopigwa marufuku na gauni jeupe la malkia

Nimekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa ya mama yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, na pengine ndiyo sababu kila ninapotazama gauni la Ulaya la karne ya 18 macho yangu hukiendea kitambaa kabla ya mshono. Katika karne ile kitambaa ndicho kilichokuwa ghali, na ujira wa mshonaji ulikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Kwa hiyo mafundi wa Paris na London hawakuikata hariri ovyo. Waliikunja kwa marinda mapana, yaliyoshuka kutoka mabegani hadi sakafuni katika gauni la Kifaransa, na aghalabu wakaishona kwa mkono kwa namna iliyoruhusu gauni kufumuliwa na kushonwa upya mtindo ulipobadilika.

Wanaume nao walipenda mapambo vilevile. Mtu wa kasri la Versailles alivaa koti, kizibao, suruali iliyoishia magotini na soksi za hariri, na maua ya kizibao chake yaliweza kutariziwa kitambaa kikiwa bado hakijakatwa: mteja alinunua kipande chenye nakshi tayari, kisha akampelekea fundi amkatie kwa kipimo chake. Nikiwa binti wa fundi, jambo hili hunistaajabisha kuliko wigi na unga uliopakwa juu yake. Nyumbani mtu huyo aliyavua hayo yote akavaa joho pana ambalo Waingereza waliliita banyan, jina lililotokana na wafanyabiashara wa Kigujarati, walewale ambao pwani yetu huwaita Mabaniani.

Kutoka Bara Hindi ndiko ilikotoka pia chiti, pamba iliyopigwa chapa au kuchorwa kwa rangi zisizochujuka inapofuliwa. Wafumaji wa hariri na sufu waliiogopa, na walikuwa na sababu. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1686, ikaendelea kuizuia hadi 1759. Huko London, mwaka 1719, wafumaji wa mtaa wa Spitalfields waliwashambulia wanawake barabarani na kuwararulia magauni ya chiti wakiwa wameyavaa. Naielewa njaa iliyowasukuma, lakini siwezi kuwasamehe kwa kumtolea hasira mwanamke aliyejinunulia nguo nyepesi na nzuri. Bunge liliwaunga mkono: sheria ya 1721 ilikataza kuvaa aina nyingi za chiti kuanzia Krismasi ya 1722, ila iliiacha melimeli, pamba laini na nyepesi, na haikufutwa hadi 1774. Ufaransa, marufuku ilipoondolewa, Oberkampf alifungua kiwanda chake cha kupiga chapa vitambaa huko Jouy-en-Josas mwaka 1760.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1783. Mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alipeleka kwenye maonyesho ya Paris picha ya Malkia Marie Antoinette akiwa amevaa gauni la melimeli nyeupe, lililofungwa mshipi kiunoni, pamoja na kofia ya majani makavu. Watazamaji walikasirika. Wapo walioona kwamba malkia ameonyeshwa akiwa na nguo ya ndani, na wapo waliolalamika kwamba ameitupa hariri ya Lyon, iliyowalisha maelfu ya Wafaransa, kwa ajili ya pamba ya kigeni. Picha iliondolewa, na mchoraji akachora nyingine, malkia akishika waridi kama mwanzo, safari hii akiwa ndani ya hariri ya buluu yenye lasi.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789. Wanaume wa tabaka la kawaida waliovaa suruali ndefu wakaufanya mshono huo kuwa alama ya siasa yao, na Uingereza ikatoza kodi ya unga wa nywele mwaka 1795. Kufikia mwaka huo malkia alikuwa ameuawa tayari, na wanawake wa Paris wenye kufuata mitindo walikuwa wakitembea hadharani ndani ya melimeli nyeupe, nyepesi kuliko hata ile iliyoondolewa ukutani.