Mashariki ya Sadrith Mora

Leo Mei Mosi. Asubuhi malori yamepita na matarumbeta yake, watu wamejazana juu na fulana mpya za vyama vyao, na mimi nimejifungia ndani na kompyuta kama nifanyavyo kila mwaka siku hii. Mnaonifahamu mnajua sababu. Morrowind, gemu la kompyuta, ilitoka tarehe 1 Mei 2002, na wenye maradhi haya wameugeuza mwezi mzima wa Mei kuwa wa kutengeneza modi, yaani vitu vya kuongezea gemuni: mapango, mapanga, maduka ya vyungu, ngozi mpya za panya. Nilikuwa napitia za mwaka huu huku chai inapoa, nikakutana na picha ya pwani ya Telvanni, nchi ya humo gemuni, ile minara ya uyoga imesimama ukingoni mwa maji, na hapo hapo nikamkumbuka kaka na ile Idi ya Maskati. Kazi niliyopanga kufanya leo imeishia hapo.

Gemu lilikuwa la kaka, na hilo lazima nilitangulize, maana siku hizi watu hudhani mimi ndiye mwenyewe. Mjomba alilileta Tanga pamoja na halua na mashuka, boksi halisi, si la kuchomwa Kariakoo. Ndani mlikuwa na ramani ya karatasi na sahani mbili. Kompyuta yetu ilikuwa Pentium III ya mtumba yenye RAM ya megabaiti 128, yaani kile kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa boksi, wanachokiandika wakiomba Mungu usiwe nacho. Kaka akifungua mlango wa nyumba humo gemuni, mimi nakuna nazi. Mlango ukifunguka, nazi imekwisha.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kusoma. Morrowind haina mshale wa kukuonyesha njia. Mtu anakwambia: toka mji wa Balmora, vuka daraja, kwenye njia panda shika kushoto, ukikuta mgodi wa mayai umepita. Kaka hakuwa na subira ya Kiingereza kirefu namna hiyo. Yeye alishika kipanya, mimi nilikaa pembeni na daftari la jiografia nikiandika maelekezo nyuma ya daftari. Mhusika wake alimpa jina la Abunuwas. Nilimwambia jina hilo litatuletea balaa.

Likaleta. Kuna pombe humo inaitwa sujamma, inayoongeza nguvu za mwili kwa dakika moja, na ukinywa ya pili inajumlisha juu ya ile ya kwanza, na ya tatu hivyo hivyo, bila kikomo. Kaka aligundua jambo hilo peke yake. Alinunua kila chupa aliyoiona, akaingia katika kasri la Vivec, mungu mwenyewe, nusu mwili dhahabu na nusu rangi ya majivu, anaelea amekunja miguu, akazinywa zote mfululizo huku mama akiuliza kutoka ukumbini ni nani huyo anayeleweshwa usiku wote. Kisha akampiga. Mungu akafa. Likaja andiko kwamba kifo cha huyu kimeukata uzi wa utabiri, yaani hadithi kuu ya gemu, kwa hiyo ama rudi kwenye faili la nyuma, ama endelea kuishi katika dunia uliyoilaani mwenyewe.

Kaka alinitazama, akahifadhi juu ya faili lile lile. "Tuendelee," akasema. "Nilishachoka na huo utabiri."

Sasa mtu asiye na utabiri anafanya nini? Anazurura. Watu wa humo wanaitaja miji ya bara kila mara, Necrom, Blacklight, Narsis, na gemu lenyewe linakufungia katika kisiwa kimoja tu, Vvardenfell. Kaka akaamua bara lazima liwepo. Akaenda mpaka mji wa Sadrith Mora, ukingo wa mashariki kabisa, akaingia majini akaogelea. Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao, mnaoukumbuka mnaukumbuka. Tuliamka umeme ukirudi usiku, tukaogelea. Maji, ukungu, na wale samaki wakali wanaouma visigino. Alikuwa anahifadhi humo humo baharini kila baada ya muda. Mara ya mwisho aliyohifadhi, haukupita muda umeme ukakatika, na kesho yake sijui kilitokea nini, mtihani au harusi ya mtu, hatukurudi tena. Kaka akaenda Maskati kwenye vipuri vya magari. Kompyuta ikawa ya kuwekea kitambaa cha meza.

Sahani ya pili hatukuwahi hata kuiingiza. Hilo nililijua ukubwani, nikiwa na kazi yangu na intaneti yangu: sahani ile ya pili ndiyo ilikuwa karakana, chombo kile kile walichotumia Bethesda, kampuni iliyolitengeneza gemu, kuijenga dunia yao, wamekitia kwenye boksi wakatugawia. Ndicho kilicholiweka hai gemu hili mpaka leo. Kuna kundi la watu wa kujitolea, Tamriel Rebuilt, walioanza mwaka 2001, gemu lenyewe halijatoka, wakijiambia kwamba kile kitakachobaki nje ya ramani watakijenga wao. Na wanakijenga hadi leo, chumba kwa chumba. Mgeni akitaka kujiunga kama mpambaji wa vyumba, hutengeneza kwanza chumba cha mfano, wakongwe wanakikagua, na kama kikombe kinaelea juu ya meza kwa unene wa unywele wanakiona. Mchango wangu mimi ni huo tu, kuripoti vikombe.

Wengine wakaishika injini yenyewe, programu inayoliendesha gemu. Mradi wa OpenMW ulianza mwaka 2008, programu huria, wakaandika upya kila kitu kutoka sifuri bila kuuona msimbo wa kampuni, ili gemu lifunguke kwenye mashine za leo. Michoro na maneno bado ni mali ya wenyewe, lazima uwe na nakala yako halali. Ila injini ni ya kila mtu. Na ndani yake kuna kijiprogramu kidogo ambacho wengi hawakijui, cha kusoma mafaili yaliyohifadhiwa kwenye gemu la zamani na kuyageuza.

Nilipokiona kijiprogramu hicho nilimpigia mama simu usiku.

Faili lilikuwa kwenye sahani ya kuchoma, kabatini, limechanganywa na picha za harusi ya binamu. Kulipata, kutafuta mashine yenye mdomo wa kusomea sahani, kubishana na forodha ya mama aliyetaka nibebe na achari, hayo tuyaache. Idi ya mwaka 2023 nilikuwa Ruwi, Maskati, sebuleni kwa kaka, wifi amewapeleka watoto Seeb kwa ndugu zake, na kaka ameketi mbele ya kompyuta yangu ndogo na kanzu ya sikukuu, miwani puani, kitambi kimegusa meza.

"Hii nini?"

"Bonyeza."

Ikafunguka kabla hajaondoa kidole. Akanitazama kwa kunishuku. "Mbona haraka hivi?"

Halafu akaona maji.

Abunuwas alikuwa bado anaogelea. Miaka yote ile kaka ameoa, amezaa, amefungua duka, amefunga duka, amefungua jingine, na huyu bado ana mikono mbele, maji shingoni. Vitu fulani havikuja, kijiprogramu kile hakijakamilika na hakidai kukamilika, lakini mzigo wake ulikuwepo, panga lake, hata chupa za sujamma zilizobaki. Kaka hakuuliza kitufe. Mkono wa kushoto ulishuka wenyewe ukakaa pale pale unapotakiwa kukaa. Samaki akamuuma kisigino, kaka akatukana tusi la Chumbageni ambalo sijalisikia tangu tukiwa watoto.

"Mashariki ni wapi?"

"Hujageuka. Endelea hapo hapo."

Nilikuwa nimekwisha weka ile nchi ya Tamriel Rebuilt kabla ya kumkalisha, na sikumwambia. Nilichohofia ni kimoja: kama siku ile alikuwa ameogelea mbali mno, angezindukia ndani ya mwamba, maana walipojenga hawakujua kuna mtu wa Tanga amepita hapo. Bahati hakuwa amefika mbali kama tulivyodhani. Zamani ukungu ulikuwa ukianza hatua chache mbele ya pua. Injini mpya inaona mbali. Kwa hiyo kwanza kikaja kitu kama wingu chini ya mbingu, kaka hakukijali. Akaogelea. Wingu likashika ukingo. Ukingo ukagawanyika, ukawa na kitu kirefu kilichosimama, kikapinda juu, kikawa na kofia. Uyoga. Mnara wa uyoga, na mwingine nyuma yake, na dirisha lina taa.

Kaka aliondoa miwani, akaifuta na pindo la kanzu, akairudisha.

"Hii haikuwepo."

"Haikuwepo."

"Usinitanie. Tuliogelea usiku kucha hapa."

Akapanda ufukweni, maji yakamwacha. Akafungua mlango wa nyumba ya kwanza aliyoikuta, na mimi kwa mazoea nikatazama mezani: sahani ya udongo, kijiko, kikombe. Vyote vimekaa. Ndani mlikuwa na mwanamke wa Kidunmer, wenyeji wa nchi hiyo, aliyemwambia kwa ufupi kwamba wageni kutoka nje hapa hawapendwi. Kaka alisoma maneno yale mwenyewe, mdomo unatembea. Mtu aliyekuwa ananitesa nimsomee kila mstari! Akamuuliza habari za mji, akasoma. Akamuuliza habari za bwana wa mnara, akasoma.

"Nani kayaandika haya?"

"Watu tu."

"Wa kampuni."

"Hapana. Mtu ana kazi yake mchana, usiku anaandika maneno ya huyu mama. Mwingine kapanga hivyo vyombo. Mwingine kakagua."

"Wanalipwa na nani?"

"Hawalipwi, kaka."

Alikichukua kile kijiko, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. Kilidondokea upande, hakikukaa kama mwanzo, na nikaona kimemkera. Ni mtu wa duka. Akaniuliza wametengeneza lini. Hapo nilisita, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu zamani na nilishajiuliza kama nimpe. Kipande hiki cha Telvanni ndicho cha kwanza walichokitoa. Walikitoa mwaka 2006.

"Mwaka ule ule?"

"Mwaka ule ule."

Nilitegemea aseme kitu kizito. Alifikiri, akapiga hesabu. "Kwa hiyo tungekwenda intaneti kafe tu." Nikamkumbusha kasi ya intaneti kafe za Tanga za siku zile, kwamba kwa faili kubwa namna ile tungekuwa tunashusha mpaka leo. "Basi," akasema, "hakuna aliyechelewa." Sijui alimaanisha nini. Inawezekana hakumaanisha kitu.

Nikaona huo ndio wakati wa kumpa habari yangu nzuri. Ile dunia aliyoilaani ina mlango wa nyuma. Watengenezaji waliuficha wenyewe, na wapenzi wa gemu wakauchimbua na kuuandika hatua kwa hatua kwenye UESP, tovuti yao ya kumbukumbu, ambayo ipo tangu 1995 na inajua bei ya kila kijiko cha Vvardenfell. Kile kifaa alichokitoa kwenye maiti ya Vivec kipo mkobani mwake. Akipeleke kwa Yagrum Bagarn, Mdwemer wa mwisho aliye hai wa kabila lililotoweka, jitu nene limekalia miguu ya chuma kama buibui, chini ya mnara wa Tel Fyr, wala si mbali na Sadrith Mora. Atakitengeneza. Ukikivaa kitakula sehemu ya uhai wako na hakitairudisha, lakini gemu litamalizika. Nilikuwa nimemwandikia njia yote, kwa mkono, kama zamani.

Kaka alipokea karatasi, akaitazama, akanirudishia.

"Nimeshamuua. Yameisha."

"Lakini si lazima yaishe hivyo, ndiyo nakwambia."

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyeutaka huo utabiri. Mimi nilitaka kujua kama ng'ambo kuna watu." Akahifadhi, akafunga kompyuta, tukala.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi na bado sijui nililolifanya. Nilidhani nampelekea kitu chake. Huenda nilikwenda na changu, nimekifunga kwa jina lake. Hata hao wanaojenga, ukisikiliza wanavyogombana juu ya rangi ya paa la Necrom, kila mmoja anaokoa gemu lake mwenyewe, na yanatokea kulingana. Mwanawe kaka amejaribu kidogo, akaniuliza: shangazi, hivi kwa nini watu wa zamani mlikuwa mnatembea sana kwa miguu? Alirudi kwenye mpira wake wa kwenye simu.

Mwaka jana nilikuwa nasafisha mashine. Nikampigia kaka kumuuliza kama lile faili nilifute, maana hajaligusa tena.

"Linakula nafasi kiasi gani?"

"Megabaiti chache. Si kitu."

"Basi liache," akasema, na akaniuliza nazi Tanga siku hizi zinauzwaje.