Upele wa nepi nilivyoumaliza Lamu: nilianza na maji

Nepi ya pamba ikitoka kwenye kamba imekakamaa kama kumbi la nazi, usikimbilie krimu. Anza na nepi yenyewe. Visima vingi vya Lamu mjini vina maji ya chumvichumvi, na sabuni ya mche haitoi povu la maana humo. Hushikana na chokaa ya maji ikaacha gaga la kijivu kwenye nyuzi. Nepi yenye gaga hainywi mkojo, basi mkojo unamkaa mtoto matakoni. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewa: nepi uliyoikunja kavu jioni, asubuhi unaishika ina ubaridi.

Kujua kama sabuni imebaki, naloweka nepi iliyokwisha fuliwa katika maji ya uvuguvugu matupu, kisha naikamua mara 5 au 6. Maji yakitoka na wingu au povu, sabuni imo. Halafu natona tone la maji juu ya nepi kavu. Likizama papo hapo, sawa. Likisimama kama ushanga, kuna mafuta ya nazi au ya krimu.

Ufuaji nikaubadilisha. Kinyesi chooni, nepi inasuuzwa saa ile ile. Ikilala na mkojo hutoka amonia, ile harufu inayochoma macho ukifunua ndoo. Nafua kwa sabuni ya unga, maana inastahimili maji ya kisima kuliko ya mche: vijiko 2 vya chakula kwa lita 15 za maji ya moto, nepi 8, nisizishindilie. Nasuuza mara 2 kwa maji ya kisima, ya 3 kwa lita 10 za maji matamu, ya jabia (birika la kuhifadhia maji) au ya mfereji. Hayo ya mwisho siyafanyii ubahili. Dawa ya kulainisha nguo niliiacha kabisa. Inazifunika nyuzi zisinywe. Naanika darini tangu asubuhi na kuanua kabla ya alasiri. Siku za mvua za kusi, napiga pasi pande zote mbili.

Sasa ngozi. Panua mikunjo ya mapaja utazame. Wekundu ukiwa matakoni na kwenye kinena lakini ndani ya mikunjo kuko salama, huo ni mchubuko wa mkojo na kinyesi. Mtoto nambadilisha kila saa 2, namwosha kwa maji matupu, nakausha kwa kugusagusa bila kusugua, na namlaza bila nepi juu ya leso dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa siku. Kisha krimu ya zinki, nene kama siagi juu ya mkate, na kitambaa chembamba kikuukuu juu yake ili mafuta yasiingie kwenye nepi. Chupi ya plastiki inapumzishwa mpaka ngozi ipone. Kwa joto letu ni tanuri. Poda sitii: mtoto huivuta kifuani.

Wekundu ukiingia kwenye mikunjo, mwekundu wa nyama, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni, hapo kuna fangasi na zinki peke yake haitoshi. Nilitumia krimu ya klotrimazoli asilimia 1, safu nyembamba mara 2 kwa siku, zinki ikija juu yake. Ukienda duka la dawa, soma kiboksi. Zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni, dawa kali ya steroidi, huuzwa kirahisi, lakini chini ya nepi dawa hiyo hupenya zaidi na kuikondesha ngozi ya mtoto.

Wakati wa fangasi nepi za pamba zinachemka dakika 10 kila zinapofuliwa, pamoja na vile vitambaa vyembamba na leso ya kulalia. Leso ikisahauliwa, upele hurudi. Malengelenge, usaha, homa, au siku 3 bila nafuu: mpeleke hospitali, na usimpake kitu asubuhi hiyo, daktari aione ngozi ilivyo.