Mbung'o Waliomwagwa na Ndege

Mwaka 1995 nilikuwa skuli ya msingi, kijijini kwetu karibu na msitu wa Jozani, Unguja. Ndege ndogo ilikuwa ikipita chini chini, na kila ikipita inadondosha viboksi vya karatasi ngumu. Watoto tulivikimbilia tukidhani mna peremende. Mlikuwa na mbung'o.

Ami yangu alikuwa amefukia ndama kadhaa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o haohao. Ulipoitishwa mkutano barazani, hakusubiri zamu yake.

"Bwana Mifugo, mbung'o wanatumalizia ng'ombe, na nyinyi mnatuongezea?"

Bwana Mifugo akaeleza kwamba wale wote ni madume, wamefugwa Tanga, wakapigwa mionzi kabla ya kuletwa.

"Maksai, basi."

"La, mzee. Maksai hapandi. Hawa wanapanda, ila mbegu yao haizai. Na jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na huyu, kizazi kimekatika."

Ami akafikiri kidogo. "Wanauma?"

"Wanauma."

Baraza zima likaguna. Dume la mbung'o hunyonya damu sawasawa na jike. Bwana Mifugo ikabidi aongeze mbio mbio kwamba wamelishwa damu yenye dawa ili wasibebe ugonjwa. Sidhani kama kuna aliyemsikia.

Ndiyo maana nikisikia ubishi wa siku hizi juu ya mbu waliobadilishwa jeni ili kupambana na malaria, naona wenzetu wamepunguziwa mzigo mmoja: dume la mbu haliumi. Madume tasa yaliyoachiwa kijijini Bana, Burkina Faso, mwaka 2019, hayakuwa na hoja hiyo ya kujibu. Lakini mbung'o huzaa funza mmoja mmoja, na Unguja ni kisiwa, ndiyo maana madume tasa yaliweza kuwamaliza. Mbu hutaga mayai kwa makumi, na bara halina mwisho. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta jeni itakayorithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu yao, na hilo linazua maswali ambayo Bwana Mifugo wetu hakuwahi kuulizwa.

Kwetu ndege iliendelea hadi 1997, ikamwaga madume zaidi ya milioni 7. Mbung'o wa mwisho wa msituni alinaswa mwaka 1996. Baadaye ami akanunua ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Mkewe akamuuliza kama ameomba ushauri kwa Bwana Mifugo kwanza.

"Yeye ndiye aliyenichagulia," akajibu, akaendelea kufunga kamba.