Taiming ya Honda CB750 ya platini: kwanza jua ni jozi ipi inayougua

Ukiletewa Honda CB750 ya zamani, zile za kamshafti moja zilizoanza 1969, na malalamiko ni kwamba inamisi (cheche inakosekana mara kwa mara), usianze kwa kulegeza sahani ya platini, yaani swichi ndogo zinazofunga na kufunuka ili plagi zitoe cheche kwa wakati wake (taiming). Injini ina silinda nne, lakini platini ni mbili na koili, zinazozalisha umeme wa cheche, ni mbili. Platini ya kushoto, yenye waya wa buluu, inawasha silinda ya 1 na ya 4 kwa mpigo mmoja. Ya kulia, yenye waya wa njano, inawasha ya 2 na ya 3. Kwa hiyo taiming ikiharibika upande mmoja, zinaugua silinda mbili pamoja.

Iwashe ikiwa baridi, iache dakika moja, kisha dondoshea kila bomba la eksozi tone la maji karibu na hedi. Tone likikaa bila kuchemka kwenye 1 na 4, tatizo liko upande wa buluu. Likikaa kwenye 2 na 3, ni njano. Bomba moja tu likiwa baridi, achana kabisa na taiming. Shughulika na plagi, kofia yake, kabureta au valvu ya silinda hiyo.

Kabla ya kufungua kifuniko cha platini upande wa kulia, pima volti zinazofika kwenye koili huku swichi imewashwa na platini zimefunga. Zikipungua kwa zaidi ya volti moja kuliko zilizopo kwenye betri, kuna kutu ndani ya swichi ya kuzimia injini au kwenye soketi za waya. Cheche dhaifu ya namna hiyo hufanana sana na taiming mbovu, na watu hupoteza siku nzima hapo.

Sasa platini. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi. Zungusha krenki kwa nati kubwa ya milimita 23, mwelekeo wa saa. Boliti ndogo ya katikati isiguswe kwa kazi hiyo, hukatika. Platini ikifunuka mwisho kabisa, mwanya uwe milimita 0.3 hadi 0.4, lenga 0.35. Feela geji huacha mafuta kwenye nyuso za platini, kwa hiyo pitisha kipande cha kadi safi chenye petroli kidogo ukimaliza. Wengi hurukia taiming bila kupima mwanya, kisha wakiurekebisha baadaye taiming inaharibika tena. Mwanya ukiongezeka platini hufunuka mapema na cheche inawahi. Kisigino cha platini, sehemu inayosuguana na kamu, kikilika, mwanya hupungua na cheche inachelewa. Ndiyo maana pikipiki iliyokuwa nzuri huanza kuchoka polepole. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu (kipande kinachozunguka na kufunua platini), ikizidi itarukia platini.

Chukua taa ya volti 12, ncha moja kwenye waya wa buluu, nyingine kwenye bodi. Washa swichi. Platini ikiwa imefunga taa inazima, ikifunuka inawaka. Zungusha taratibu ukichungulia kwenye tundu dogo la sahani: taa iwake pale alama ya F ya 1.4 (alama ya cheche ya silinda 1 na 4) inapolingana na alama ya kwenye bodi. Ikiwaka kabla, cheche inawahi. Ikiwaka baada, inachelewa. Legeza skrubu tatu za sahani kubwa. Kuipeleka kinyume cha saa kunawahisha, kuifuata saa kunachelewesha. Ukiipita alama, usirudi nyuma kidogo tu. Zungusha mzunguko mzima tena, maana ulegevu wa kamu utakudanganya.

Hamishia taa kwenye waya wa njano, tumia F ya 2.3, lakini safari hii sogeza sahani ndogo ya kulia peke yake. Ukigusa ile kubwa, umeharibu kazi ya kwanza. Sahani ndogo ikifika mwisho wa nafasi yake kabla taa haijatii, cheza na mwanya wa kulia ndani ya 0.3 na 0.4. Platini za bei rahisi hupenda kuleta kisa hicho. Sahani kubwa nayo huwa imelegea kwenye shimo lake, hivyo isukume upande mmoja unapokaza, kisha pima mwanya upya.

Nyuso zikiwa zimechomeka na kutoboka, na cheche kubwa inaonekana kwenye platini injini ikiunguruma, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kuchoma platini) ya upande huo imekufa. Kubadilisha platini bila kondensa ni kuzichoma mpya.

Mwisho, kagua kifaa cha kamu kinachowahisha cheche injini ikienda kasi: shika kamu kwa vidole uipindue mwelekeo wa saa, kisha iachie. Irudi yenyewe kwa haraka. Ikirudi kwa uvivu, grisi ya zamani imekauka ndani, na injini itakawia kushuka ukiachia mafuta. Springi za kifaa hicho zikiwa zimelegea huleta dalili hiyo hiyo. Ukikisafisha, weka alama kabla ya kuichomoa kamu, kwa sababu inaingia hata ikiwa imegeuzwa nusu mzunguko. Ukiikosea, waya wa buluu utatoa moto wakati wa silinda 2 na 3, na pikipiki haitawaka hata ukiipiga teke hadi jioni.