Nyota ikilipuka haizimiki hapo hapo

Juzi stima ilipotea huku kwetu Umoja, tukapanda juu kwenye kamba za nguo mimi na mtoto wa brathe, na nyota zikaonekana vizuri kuliko siku zote. Akaniuliza, "Anti, hizi nyota zikilipuka si ni kama glopu ikiungua, tap, halafu giza?" Nikakaa chini kabisa, maana hiyo stori naipenda kuliko zote.

Hapana. Chukua ile supanova 1987A (supanova ndio nyota ikilipuka), Ian Shelton aliiona tarehe 24 Februari 1987 akiwa Chile, iko kwa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo ya upande wa kusini ambayo hata hapa Nairobi huchomoza, na mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka kama 168,000 kutufikia. Sasa hiyo haikufika kilele siku hiyo. Iliendelea kupanda polepole mpaka Mei, karibu miezi mitatu, ndio ikaanza kushuka. Mwanga mwingi ulikuwa umefungiwa ndani ya mabaki mazito, na ni mpaka yatawanyike yawe mepesi ndio upate pa kutokea.

Na huo mwanga wenyewe si ule moto wa mlipuko, hapa ndio mimi hubambika. Fikiria jiko: mafuta ya taa uliyowashia yanaisha dakika chache tu, kinachoivisha githeri ni makaa. Makaa ya supanova ni nikeli-56, aina ya nikeli isiyodumu, inatengenezwa kwa mlipuko wenyewe, kila siku 6 hivi nusu yake inageuka kobalti-56, nayo kobalti kila siku 77 nusu inageuka chuma, na kila ikigeuka inatoa nishati inayopasha mabaki yang'ae. Ndio maana ukichora mwangaza wa 1987A siku kwa siku, baada ya kilele unapata mstari unashuka kwa mwendo ule ule wa kobalti, miezi na miezi.

(Supanova za nyota kibete nyeupe, yaani kiini kidogo kizito kinachobaki nyota ikishamaliza mafuta yake, hupanda haraka, wiki mbili unusu hivi, na inayofifia polepole ndiyo huwa iling'aa zaidi, kwa hivyo ukijua inafifiaje unajua mwangaza wake halisi, ukilinganisha na unaouona hapa unapima umbali wake. Hivyo ndivyo ilijulikana 1998 kwamba ulimwengu unazidi kutanuka kwa kasi.)

Kijana akauliza, kwani hiyo nikeli ya 1987A ilikuwa kiasi gani? Ule mstari wa mwangaza unaoshuka ndio ulitumika kuipima: karibu 0.07 ya uzito wa Jua. Yaani uzito wa dunia zetu zaidi ya 20,000, nikeli tupu.