Brashi ya waya nyuma ya trekta: dawa ya ndago kwenye kabro

Masika yakikolea hapa Malindi, ndago na ukoka hujaa kila mwanya wa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Uani kwako kisu kilichopindwa ncha kinatosha, na vichochoro vya Lamu mjini havina njia nyingine, maana trekta haipiti. Lakini ua wa ghala au wa hoteli, mita mraba elfu na zaidi, unataka brashi ya waya, nayo hutengenezwa kwa slasha kuukuu, ile mashine ya kufyekea nyasi inayofungwa nyuma ya trekta.

Wengi huanza na kulabu za fito za springi za lori, ziburutwe ndani ya mianya. Usipoteze chuma chako. Dereva akikosea mstari kidogo tu, kulabu hunasa ukingo na kung'oa kabro, na ikitoka moja, jirani zake hulegea.

Toa visu vya slasha, bakiza fremu na giaboksi. Kata sahani ya chuma ya kukaa mahali pa visu, yenye unene wa milimita 10 na kipenyo cha sentimita 50. Ukingoni chomelea vipande 12 vya bomba, vielekee chini na nje kwa nyuzi 45. Kila bomba litie waya wa winchi wa milimita 12, urefu sentimita 20, utokeze 12, kisha ubane kwa bolti mbili. Kabla ya kuukata kwa grainda, ufunge pande zote mbili za alama, la sivyo utafumuka. Pima vipande viwe na uzito mmoja. Brashi inayotikisika huua beringi za giaboksi.

Kasi ndiyo huharibu kazi. PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi nyingi za slasha huongeza juu ya hapo. Zima injini, zungusha shafti duru moja kwa mkono, uhesabu sahani imezunguka mara ngapi. Ikiwa ni moja na nusu, PTO isizidi 250. Ukipita hapo nyuzi za waya hukatika na kuruka kama sindano. Hata kwa kasi ndogo, zungushia pazia la mpira wa tairi na watu wakae mita 20.

Fupisha toplinki, ule mkono wa juu unaounga mashine na trekta, ili ukingo wa mbele peke yake uguse chini, wa nyuma uinuke kama sentimita 2. Urefu ushikwe na magurudumu mawili ya mkokoteni, si haidroliki, ambayo hushuka taratibu hadi brashi ichimbe. Gia ya chini kabisa. Na kama kabro ni za milimita 60, za njia ya miguu, usipandishe trekta juu yake.

Mwagia maji jioni ya kuamkia kazi: kwenye ukavu mizizi hukatika badala ya kutoka. Viazi vya ndago viko chini, brashi haivifikii, kwa hiyo rudia kila wiki tatu mpaka vichoke.

Mchanga uliotoka lazima urudishwe, kama kilo 2 kwa mita mraba. Wa ufukweni hapana, chumvi yake huacha madoa meupe. Wa mto Sabaki unafaa, ila uoshe tope lote. Tope likibaki umepanda magugu upya. Uanike, uchekeche, uufagie ndani ukiwa mkavu.